Kichwa cha tripodi kisichoinama: namna ya kukichagua kabla hujatoa hela

Wiki iliyopita dogo mmoja ninayemfundisha kazi alinipigia simu akiwa dukani Mwanjelwa, hapa Mbeya. "Shikamoo kaka. Nimepata kichwa cha gololi, boksi limeandikwa kilo 25. Kamera yangu na lenzi havifiki hata kilo mbili na nusu. Nichukue?" Nikamwambia asitoe hela, nakuja. Nikadaka bajaji nikiwa na begi langu, na tuliyoyafanya pale dukani kwa saa nzima, mwenye duka akitutazama kwa jicho la "hawa watanunua kweli?", ndiyo haya ninayoyaandika.

Kichwa cha gololi, ambacho wengi tunakiita bolihedi, ni kile kipande kinachokaa juu ya tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kamera: gololi kubwa ndani ya kikombe, na nobu pembeni ya kuibana. Ukilegeza, kamera inaelekea utakako. Ukikaza, inatakiwa ibaki hapohapo. Kama kazi yako kubwa ni video za harusi, hiki si chako. Tafuta kichwa cha video chenye mkono, usijitese.

Hatua ya 1: Pima mzigo wako

Weka kamera, betri, pleti (kibao kidogo kinachofungwa chini ya kamera ili kichwa kikishike) na lenzi yako nzito kuliko zote kwenye mizani. Mimi nilipima kwa muuza mchele. Andika namba.

Hatua ya 2: Sahau kilo za kwenye boksi, uliza upana wa gololi

Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanalazimika kukifuata wanapoandika uzito kwenye boksi. Mmoja anapima mzigo ukiwa umekaa wima juu ya kichwa, mwingine anapima ukiwa umelala upande. Kwa hiyo kilo 25 za huyu na kilo 10 za yule huwezi kuzilinganisha.

Halafu kinachoangusha kamera siyo uzito peke yake, ni uzito ukiwa mbali. Ndoo ya maji ukiikumbatia kifuani unatembea nayo. Ishike kwa mkono ulionyooshwa uone kama utafika hata mlangoni. Lenzi ndefu ni huo mkono ulionyooshwa. Gololi nayo inazuia kwa msuguano, na msuguano unaoshika mbali na kitovu una nguvu zaidi ya kuzuia mzunguko. Ndiyo maana gololi ya milimita 55, ikibanwa kwa nguvu ileile, inazuia mara moja na nusu ya ile ya milimita 36.

Mimi siendi chini ya milimita 40 kwa mtu anayetumia lenzi ndefu ya milimita 70-200. Milimita 40 hadi 44 ndiyo saizi ya mtu anayepanda Loleza au Rungwe kwa miguu. Really Right Stuff BH-55 ina gololi ya milimita 55 na ni mashine ya uhakika, ila bei yake inazidi dola 400 na mabega yako yatajua umeibeba. Arca-Swiss Z1 ina jambo moja ninalolipenda sana: gololi yake haijawa duara kamili, na kadiri unavyoilaza ndivyo inavyozidi kujibana yenyewe. Sirui na Benro wana vichwa vya bei ya kati vinavyofanya kazi. Jina peke yake lisikununulishe, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 3: Mdomo wa kushikia pleti

Chukua mfumo wa Arca-Swiss. Ni reli yenye kingo zilizochongwa mshazari, upana wake milimita 38 hivi, na siku hizi pleti za kampuni nyingi zinaingia humo. Vichwa vyenye pleti ya umbo lao wenyewe vinakufunga: siku pleti ikidondoka njiani kati ya Chimala na Igawa, kichwa kizima kinakuwa pambo.

Kuna midomo ya wenzo, unaosukuma ukabana mara moja, na midomo ya nobu unayoizungusha. Nachukua ya nobu, sijadiliani. Wenzo wa kawaida unabana kwa kipimo kimoja. Pleti ya kampuni nyingine ikizidi au ikipungua kidogo tu, ama haiingii ama inacheza. Nobu inabana pleti zote.

Hatua ya 4: Jaribio la kuinama (hapa ndipo usiwe na haraka)

Fungua miguu ya tripodi, nguzo ya katikati isipande hata kidogo. Funga lenzi yako ndefu. Zima kitulizi cha mtikisiko kwenye lenzi na kwenye kamera. Chagua herufi ndogo upande wa pili wa duka. Sisi tulitumia tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Washa skrini ya nyuma, kuza picha mara 10, weka herufi katikati, kaza nobu kubwa, kisha ondoa mikono yote.

Tazama herufi. Lenzi ikiinama, herufi inapanda juu kwenye skrini.

Kuna miondoko miwili na watu wengi huichanganya. Wa kwanza unatokea wakati unakaza: gololi inasogea kidogo kwa sababu inasukumwa upande mmoja wa kikombe. Kwenye kichwa kizuri ni mdogo na unarudia vilevile kila mara, hivyo unaweza kuuzoea na kuufidia. Wa pili ni ule wa baada ya kuondoa mikono: herufi inapanda polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Huo haufidiwi. Subiri dakika tano nzima. Kisha laza kamera upande mmoja kama unapiga picha ya wima, rudia. Kisha elekeza lenzi chini kama unapiga ua lililo ardhini, rudia. Kichwa cha dogo kilifaulu kikiwa wima. Kilipolazwa, tarehe 14 ilitoka kwenye skrini tukaiona 21.

Utasema huo ni mwondoko mdogo. Hesabu: kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35) yenye pikseli 6000 kwa upana, lenzi ya milimita 200 inaona upana wa digrii 10 na kidogo. Kuinama sehemu ya kumi ya digrii moja, kitu ambacho jicho lako halioni kabisa, ni kama pikseli 58. Kama shata (pazia linaloingiza mwanga kwenye kamera) imefunguliwa sekunde kadhaa huku kichwa kinaendelea kuinama, hiyo picha haina makali tena.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo nilipopoteza siku yangu.

Ilikuwa Februari, msimu wa maua katika Hifadhi ya Kitulo. Nilitoka Mbeya usiku, nikapita Uyole na Isyonje, nikafika juu kukiwa bado na giza. Okidi niliyoikuta ilikuwa na matone ya umande, upepo umetulia, mwanga umeanza kuja, yaani kila kitu kilikuwa kama nimekiagiza. Nikafunga lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100, nikalenga mdomo wa ua, nikakaza. Ua likapanda. Nikarudisha, nikakaza zaidi. Likapanda. Nikasema ni kitulizi, nikakizima. Nikasema ni udongo, maana nyasi za kule zinabonyea kama godoro. Nikahamishia miguu kwenye mawe. Nikabadilisha pleti. Nikatundika begi kwenye nguzo. Nikaisema vibaya tripodi kwa Kinyakyusa na Kiswahili. Saa sita ukungu ukashuka, nikafunga virago na picha tatu, zote za majani.

Kosa lilikuwa la mikono yangu. Wiki moja kabla, vumbi la barabara ya Usangu lilikuwa limeingia kwenye gololi, ikawa inakwaruza. Nikachukua grisi, ile ya bodaboda, nikapaka kidogo. Ikawa laini kama siagi! Nilifurahi kweli. Sikukumbuka kwamba kifaa chote hiki kinaishi kwa msuguano, na mimi nimeuondoa.

Kwa hiyo kabla hujakihukumu kichwa, tenganisha wahusika. Chora mstari mwembamba wa penseli kwenye kipande cha selotepu kinachopita kutoka kwenye kamera hadi kwenye pleti. Chora mwingine kati ya kichwa na tripodi. Baada ya dakika tano angalia mistari. Ukivunjika wa juu, kamera inajizungusha kwenye pleti: skrubu haijakazwa, au pleti ina raba nene inayobonyea. Kwa picha za wima hili ni ugonjwa wa kawaida, kwa sababu uzito wa lenzi unaifungua skrubu polepole. Dawa yake ni pleti yenye umbo la L, inayokuwezesha kusimamisha kamera wima bila kulaza kichwa. Ukivunjika wa chini, kichwa hakijakaa vizuri kwenye miguu. Mistari yote ikiwa mizima na herufi bado inapanda, hamisha jaribio kwenye sakafu ya saruji, hakikisha kitulizi kimezimwa kweli (kikiwa kimewashwa, picha inaweza kuelea yenyewe kwenye skrini ukadhani kichwa kinainama), na kama lenzi ina mguu wake (kishikio kilicho chini ya lenzi), funga huo mguu, siyo kamera. Ukishamaliza yote hayo na bado inapanda, mrudishie mwenye duka kichwa chake kwa heshima.

Na jambo moja zaidi: jaribu kukaza kwa vidole viwili. Kichwa kinachohitaji mkono mzima dukani, Juni saa kumi na moja alfajiri kule Kitulo, kuna barafu kwenye nyasi na vidole vimekufa ganzi, hutakikaza.

Hatua ya 5: Nobu tatu

Kubwa ya kubana, ndogo ya msuguano, na ya chini ya kuzungusha. Kichwa kisicho na nobu ya msuguano usikinunue kama lenzi yako ni nzito. Ukilegeza nobu kubwa bila msuguano, kamera inaanguka kwa kishindo na kidole chako kiko katikati. Namna ya kuiweka: shika kamera kwa mkono, legeza nobu kubwa yote, kisha kaza ya msuguano hadi kamera ibaki ilipo ukiiachia, lakini isogee ukiisukuma. Ukibadilisha lenzi, unaiweka upya.

Kama unapiga picha pana za kuunganisha, kwa mfano Ziwa Nyasa ukiwa mlimani, tafuta kichwa kinachozunguka pia juu ya gololi, pale chini ya mdomo. Unasawazisha kwa pimamaji mara moja, unazungusha, upeo wa macho haupindi.

Hatua ya 6: Kukifunga

Tripodi nyingi nzuri zina skrubu ya inchi 3/8, kamera ina tundu la 1/4. Kichwa chako kikiwa na tundu la 3/8 na tripodi ina skrubu ndogo, tia bushi (pete ya chuma ya kupunguza tundu). Kaza kwa mkono.

Hatua ya 7: Matunzo

Vumbi: puliza kwanza kwa pampu ya mkono, ndipo ufute. Ukifuta kabla ya kupuliza unasugua mchanga kwenye gololi. Kisha kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti kidogo, acha ikauke. Hakuna grisi, hakuna mafuta ya cherehani, hakuna WD-40. Mtu anayekaa sana Usangu au Ruaha kiangazi aangalie vichwa vya Acratech: gololi yao iko wazi na haihitaji kilainishi chochote, vumbi unalifuta tu.

Kichwa changu cha grisi nilikisafisha mara nne, hakikurudi kama zamani. Sasa kinabeba taa ya studio.

Na kama tripodi inasafiri nyuma ya bodaboda, mtikisiko unafungua kila kitu chenye nyuzi za skrubu. Mimi nikishuka Isyonje, kabla sijafunga kamera, nakishika kichwa chote na kukizungusha kinyume cha saa kuona kama kinalegea. Hadi leo nimekikuta kimelegea mara mbili.