Kufufua kompyuta ya 486: betri kwanza, swichi baadaye

Kompyuta ya 486 ikitoka stoo baada ya miaka ishirini na kitu, mkono unawasha kutaka kuichomeka uone kama bado inapumua. Usiichomeke. Mashine nyingi za aina hii zilizopita mezani kwangu hazikufa kwa uzee. Ziliuawa na kitu kisichozidi ncha ya kidole gumba, yaani betri ya saa iliyolehemiwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Na baadhi ya zilizonusurika na betri zilimaliziwa siku ileile ya kupatikana, kwa kuwashwa kabla ya kukaguliwa.

Nazungumzia 486 kwa sababu ndiyo kompyuta kongwe ambayo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuipata kweli. Jina ni la prosesa yake: Intel waliitoa mwaka 1989, na toleo la DX2 la megahezi 66 lililopendwa sana likafuata mwaka 1992. Za kabla ya hapo ni adimu kwetu, na sababu mojawapo ni kwamba mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo ukongwe wetu unaanzia hasa kwenye mashine za miaka ya 90 zilizoingia maofisini, misheni na shuleni. Zinastahili kutunzwa kama tunavyotunza redio za mbao za babu zetu.

Hatua ya 1: Fungua, tazama, piga picha

Waya wa umeme ukiwa umechomolewa kabisa, toa skrubu za nyuma na uvute kifuniko. Puliza vumbi nje ya nyumba, maana litakuwa jingi na mara nyingine lina mayai ya mende. Kabla hujagusa kitu, piga picha kila upande: kila waya ulipoingia, kila kadi ilipokaa, kila jampa ilipofungwa. Jampa ni vile vikofia vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini mbili. Kwenye 486 ndizo zinazoiambia mazabodi iko na prosesa gani na iipe volti ngapi, kwa hiyo kikofia kimoja kikipotea bila picha, utakesha.

Sasa tafuta betri. Mara nyingi ni pipa dogo la bluu au kijani karibu na tundu la kibodi, limeandikwa 3.6V. Ndani yake mna seli tatu za nikeli na kadimiamu. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, au unga mweupe unaofanana na magadi, basi imevuja. Hata kama inaonekana safi, itoe. Kwa umri wake hakuna ya kuiamini.

Hatua ya 2: Toa betri, ua magadi

Vaa glavu, kadimiamu ni sumu. Kata miguu ya betri kwa koleo kwanza, kisha ndipo uyeyushe mabaki ya miguu kwa chuma cha kulehemu. Ukijaribu kuing'oa betri nzima kwa moto, utang'oa na shaba iliyodhoofika. Betri yenyewe usiichome moto wala kuitupa shambani. Ifunge kwenye chupa na uipeleke kwa wanaopokea taka za umeme.

Kilichomwagika si asidi kama ya betri ya gari. Ni kinyume chake, alkali kali, ndiyo maana dawa yake ni kitu kichachu kidogo kama siki nyeupe au maji ya limau. Pakaza kwa mswaki wa zamani. Unga ule utatoa povu kama magadi yanavyofanya yakikutana na limau. Sugua taratibu, subiri dakika chache, pakaza tena mpaka povu likome.

Halafu suuza, na hapa wengi wanakosea kwa kuacha siki ikauke kwenye bodi, kesho yake inakuwa adui mpya. Suuza kwa maji safi, malizia kwa maji yasiyo na chumvi yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri za magari. Uliza vizuri unaponunua: ukisema tu "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Mwisho piga mswaki wenye spiriti ile ya isopropili wanayotumia mafundi simu, inafukuza maji yaliyobaki chini ya chipu. Acha bodi ikauke siku nzima mahali penye upepo.

Hatua ya 3: Fuata njia za shaba moja moja

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo niipendayo kuliko zote.

Alkali hupenya chini ya rangi ya bodi na kula shaba kwa siri. Njia iliyogeuka nyeusi au kijani kiza ichokonoe kwa sindano. Kama rangi inabanduka kama ganda la muhogo, chini yake hakuna shaba ya kutegemea. Kwangua mpaka ufikie shaba inayong'aa pande zote mbili.

Weka mita kwenye mlio wa kupima muunganiko. Anza na tundu la kibodi, ufuate kila pini hadi kwenye chipu ya kibodi, ile ndefu yenye miguu 40 ambayo kwa kawaida inakaa jirani na betri. Kisha pima njia zinazopita chini ya betri kuelekea sloti za kadi. Chora kila njia iliyokatika kwenye karatasi. Usitegemee kumbukumbu, hasa ukikatizwa na mteja.

Njia iliyokatika iungwe kwa waya mwembamba sana. Mimi natumia waya wa shaba wenye vanishi kutoka kwenye transfoma ndogo ya redio mbovu: naukata, nachoma ncha zake kwa chuma chenye risasi mpaka vanishi iungue, kisha naulehemu kutoka mguu wa chipu hadi tundu la upande wa pili. Weka flaksi ya kutosha, ile dawa inayosaidia risasi kushika. Shaba iliyoliwa na alkali haishiki risasi mpaka ikwanguliwe vizuri, na ukilazimisha kwa moto mrefu itanyanyuka kutoka kwenye bodi. Sekunde mbili tatu, toa chuma, acha ipoe, rudia.

Bodi iliyoliwa sana inaweza kudai waya kumi na tano. Hiyo bado inafaa kufufuliwa. Ambayo mimi huiacha ni ile iliyooza hadi ndani ya sloti za kadi. Hiyo igeuze kuwa chanzo cha vipuri.

Hatua ya 4: Pawa saplai na ile swichi nyekundu

Nyuma ya pawa saplai pana swichi ndogo nyekundu: 115 upande mmoja, 230 upande mwingine. Mashine zilizokuja kama msaada kutoka Marekani mara nyingi zimeachwa kwenye 115. Niliwahi kuichomeka moja bila kutazama. Ililipuka kwa kishindo, chumba kikajaa moshi, na kapasita zake mbili kubwa zikapasuka. Tangu siku hiyo swichi hiyo naiangalia hata kwenye mashine niliyoitumia jana.

Ndani ya pawa saplai kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Kama hujawahi kutengeneza pawa saplai, mpe fundi wa TV aliyezoea. Na ujue kwamba kwenye mashine hizi swichi ya mbele ya kuwashia inabeba umeme wa ukutani wenyewe, si ishara ndogo kama kwenye kompyuta za leo. Funika miguu yake kwa mpira.

Ipime ikiwa imetengwa na mazabodi lakini ina mzigo, mfano diski ngumu ya zamani, kwa sababu nyingi hazitulii zikiwashwa tupu. Waya mwekundu utoe volti 5, na uwe kati ya 4.75 na 5.25. Njano ni 12. Bluu ni hasi 12, mweupe ni hasi 5. Ikikaa sawa kwa nusu saa bila kunuka, iunganishe. Plagi mbili za mazabodi, P8 na P9, zinakaa ubavu kwa ubavu, na nyaya nyeusi lazima zikutane katikati. Ukizigeuza unaweza kuunguza bodi uliyoihangaikia wiki nzima.

Kama ya zamani haifai, kuna waya wa kubadilisha unaokuwezesha kutumia pawa saplai ya kisasa ya ATX. Mpya hazina hasi 5, lakini kwa 486 nyingi hilo halina shida. Ni kadi chache za zamani zinazoihitaji.

Hatua ya 5: Iwashe ikiwa uchi

Bakiza bodi, prosesa, RAM, kadi ya skrini na spika tu. RAM za pini 30 zinakwenda nne nne, za pini 72 hata moja inatosha. Sugua meno yake kwa ufutio wa penseli kisha spiriti. Monita yoyote ya bapa yenye tundu la VGA itafaa.

Washa, sikiliza. Kama BIOS, yaani programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi, ni ya kampuni ya AMI, milio mitatu ni RAM, milio minane ni kadi ya skrini. Milio sita inahusu chipu ya kibodi, na ukiisikia rudi hatua ya 3, kuna njia uliyoikosa karibu na betri. Kama kimya kabisa, nunua kadi ya POST. Ni kadi ndogo ya bei nafuu yenye tarakimu mbili zinazowaka, inaonyesha bodi imekwama wapi.

Hatua ya 6: Vipuri vinapatikana wapi

Anza kwa wanunuzi wa skrepa, na uwahi. Prosesa hizi za kauri zina dhahabu kidogo, na zikishafika kwa wachenjuaji zimekwisha. Nimewahi kuokoa DX2 mbili zilizokuwa kwenye gunia pamoja na vipande vya friji. Mwachie muuzaji namba yako, mwambie unalipa kuliko bei ya kilo. Baada ya hapo pita kwenye stoo za shule, parokia na ofisi za zamani, na uhudhurie minada ya mali chakavu. Omba kwa heshima na ueleze unachokifanya, mara nyingi mtunza stoo anafurahi kupunguziwa mzigo.

Kapasita, daiodi, soketi na nyaya zipo Kariakoo, na kwa walio Nairobi, Luthuli Avenue. Kwa vitu maalumu kama kadi za sauti itabidi uagize nje, na hapo gharama ya usafirishaji ndiyo inayouma, kwa hiyo unganeni watu watatu wanne mfanye kifurushi kimoja. Mipangilio ya jampa na picha za bodi nyingi zimehifadhiwa kwenye tovuti ya The Retro Web. Linganisha namba iliyochapwa kwenye bodi yako.

Ukibadilisha prosesa, angalia volti. DX na DX2 za kawaida zinatumia volti 5, DX4 inatumia takriban 3.3. Kuweka DX4 kwenye jampa ya volti 5 ni kuiunguza.

Kibodi ni ile ya plagi nene ya pini tano. Ya PS/2, yenye plagi ndogo ya duara, inakubali kwa kiunganishi rahisi. Kipanya ni kigumu zaidi: kiunganishi kinafanya kazi tu kama kipanya chenyewe kiliundwa kukubali njia zote mbili, kwa hiyo tafuta cha serial halisi.

Hatua ya 7: Betri mpya, mbali na bodi

Bodi nyingi zina pini nne kwa ajili ya betri ya nje. Washa mashine bila betri, pima kwenye pini hizo. Kama hakuna volti inayotoka, weka kishikilio cha betri tatu za AA, ukibandike ukutani mwa kasha chini kabisa, ili hata zikivuja zilowanishe bati tu. Bodi nyingine zina jampa ya kuchagua betri ya nje, ikague.

Ukitaka kulehemu kishikilio cha CR2032, ile betri bapa kama sarafu, palipokuwa na pipa, lazima uweke daiodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Sehemu ile inachaji, na CR2032 haichajiwi, inaweza kupasuka. Tumia daiodi ya Schottky kama 1N5817, mstari wake uelekee chanya ya bodi.

Hatua ya 8: Diski isiyozunguka

Diski ngumu ya asili ikizunguka, nakili kwanza kilichomo, maana inaweza kuwa na barua na hesabu za watu. Uliza mwenyewe kabla ya kufuta.

Kwa matumizi ya kila siku weka kadi ya CompactFlash kwenye kiunganishi cha IDE. BIOS za wakati huo kwa kawaida hazivuki megabaiti 504, kwa hiyo kadi ya 512, ambayo kwa hesabu ya BIOS haifiki 504, inatosha. Ingia kwenye mipangilio kwa kitufe cha Del, acha mashine itambue diski yenyewe. Kwenye nafasi ya flopi weka Gotek, inayosoma faili za flopi kutoka kwenye flashi ya USB. Washa kwa flopi ya MS-DOS 6.22 kama unayo halali, au FreeDOS ambayo ni bure. Gawa diski kwa FDISK, uifanye sehemu hiyo iwe hai, kisha FORMAT C: /S. Ikikataa kuwaka kutoka kwenye kadi, FDISK /MBR kwa kawaida inatatua.

Weka tarehe na saa. Zima, chomoa waya ukutani, iache siku mbili nzima bila umeme. Ukiirudisha, andika TIME na uilinganishe na simu yako. Ikiwa imepishana dakika moja tu, funga kifuniko.