Rangi ya vita au ya baada ya vita? Namna ya kuchunguza kofia za chuma na bunduki za zamani

Kabla hujatoa hela elewa kitu kimoja, rangi iliyopakwa baada ya vita sio lazima iwe feki. Vita vya Pili viliisha 1945 lakini vifaa havikutupwa, majeshi yaliendelea navyo miaka kibao, vikarudishwa karakana vikasafishwa, vikapakwa upya, vikagawiwa tena kwa askari wengine. Kwa hiyo unaweza kukuta chuma ni orijino kabisa ila rangi ni ya miaka ya 50. Hapo hakuna aliyekosea. Shida ni pale muuzaji anapokwambia "haijaguswa tangu vita" halafu bei nayo inapanda kufuata hayo maneno.

Swali la kujiuliza kila saa ni hili: kipi kilitangulia? Rangi, mkwaruzo, kutu, stempu, kila kimoja kilikuja kwa zamu yake, na mtu akipaka upya anavuruga zamu. Mi niliwahi kununua kofia ya M1 nikiwa na furaha ya mtoto, imechubuka vizuri, imechakaa pale unapotegemea ichakae, usiku nikaichukua na lenzi ya kukuzia nikaona kila mkwaruzo umejaa rangi ndani. Yani mkwaruzo ulikuwepo, rangi ikaja juu yake. Muuzaji labda hata yeye hakujua, ila lenzi nilikuwa nayo mfukoni siku ile ile na sikuitoa.

Tuanze na hiyo M1 ya Wamarekani maana ndio iko nyingi, zilitengenezwa zaidi ya milioni 20 kati ya 1941 na 1945. Wakati wa vita zilikuwa zinamwagiwa unga wa koki, ile ile ya vizibo vya chupa, ili kofia isiwake juani. Ukiangalia kwa karibu punje zake hazilingani, kubwa na ndogo zimechanganyika, na zikisuguliwa miaka vichwa vyake vinakatika vinabaki vidoa. Zilizopakwa upya baada ya vita mara nyingi zina mchanga, punje ndogo kali zinazofanana, ukipitisha kidole unahisi kama msasa. Hiyo tofauti ukishaishika kwa mkono mara moja huisahau.

Sasa njoo kwenye ukingo. M1 za mwanzo zina ukingo wa chuma cha pua kisichoshika kutu na mshono wake uko mbele, halafu kuelekea mwisho wa 1944 chuma kikabadilishwa na mshono ukahamia nyuma. Moja ya sababu ni kwamba rangi haikushika vizuri kwenye chuma cha pua, ilikuwa inabanduka ukingo unabaki unang'aa. Kwa hiyo ukikuta kofia ya mshono wa mbele, imetumika kweli kweli, lakini rangi ya ukingo imekaa yote bila pengo, shtuka. Angalia na vile vishikio vya mkanda, vya mwanzo havichezi, vinavyocheza vilianza mwishoni mwa 1943, na nyuma yake ndipo mpakaji mvivu hafiki, unakuta rangi ya zamani imejificha pale kama mwizi nyuma ya mlango. Mkanda wenyewe umeshonwa pale pale, so kama rangi imerukia kwenye uzi au kitambaa basi kofia ilipigwa spreyi ikiwa tayari ina mkanda. Kuna mtego mmoja tu: askari wenyewe walikuwa wanapaka kofia zao vitani kwa brashi, kwa hiyo tabaka mbili peke yake hazikuthibitishii kitu. Angalia uchakavu uko juu ya tabaka ipi.

Kofia za Wajerumani mchezo uko kwenye ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshika ngozi ya ndani. Kofia ilipakwa kwanza ndo ribiti zikapigwa, kwa hiyo kati ya kichwa cha ribiti na kofia inatakiwa pawe na mstari uliokatika. Rangi ikipita moja kwa moja kutoka kofia mpaka ribiti kama imemwagiwa uji, ilipakwa na ngozi ikiwa ndani. Wanorwei walirithi kofia nyingi sana za Wajerumani wakazipaka upya wakazitumia wao, hizo ziko kibao sokoni na zingine zimerudishiwa stika mpya za ndege tai ili ziuzwe ghali. Stika ya ngao ya taifa iliachwa 1940 na tai wa jeshi la nchi kavu akaachwa 1943, so M42, ile kofia ya mtindo wa 1942, yenye stika zote mbili za jeshi la nchi kavu, mi naiweka chini naondoka.

Bunduki sasa, na kabla ya lenzi hakikisha haina risasi na unajua sheria ya unapoishi. K98k, bunduki za askari wa Kijerumani, zile zilizotekwa na Wasovieti ndio shule nzuri kuliko zote. Walizifungua zote, wakachovya vyuma kwenye dawa ya moto ya kutia weusi, wakazifunga tena bila kujali kipande kipi kilikuwa cha nani, mbao wakapaka shelaki, aina ya vanishi. Unapata chuma cheusi kinachong'aa sawasawa kote mpaka vipande vilivyotakiwa viwe vyeupe, namba za boliti, kile kipande cha kufungia risasi, zimechorwa kwa kalamu ya umeme, na kitako kina wekundu wa kung'aa kama fanicha ya sebuleni. Ukitaka uhakika chukua pamba na spiriti kidogo, gusa sehemu iliyojificha, shelaki italainika inate.

Kwenye Luger, bastola ya Kijerumani, tafuta stempu zilizogongwa baada ya chuma kupigwa rangi. Nyundo inainua chuma kidogo pembeni ya alama, pale rangi inachubuka unabaki mduara mdogo unaong'aa. Bunduki ikirudiwa rangi huo mduara unazibwa. Na kama herufi zimelainika kingo zake, kuna mtu alipitisha msasa.

M1 Garand, bunduki ya Wamarekani (sio ile kofia), ni rahisi zaidi, vuta ile fimbo ya kando ya mtutu nyuma utaona mwezi na mwaka wa mtutu. Risiva, yani kiwiliwili cha bunduki, ya 1943 na mtutu wa 1952 maana yake ilipita karakana, na rangi yake ya fosfeti pengine ilipigwa huko huko baada ya chuma kupulizwa mchanga. Kitako nacho kinaweza kuwa na stempu ya karakana, mfano RA-P ya karakana ya jeshi la Marekani ya Raritan.

Vitambaa, yani mikanda na mifuko, tochi ya UV inasaidia lakini kwa nusu. Dawa za kung'arisha nguo zilienea baada ya vita, kwa hiyo uzi ukiwaka bluu nyeupe kama taa ni dalili mbaya, ila mfuko orijino uliofuliwa na sabuni ya kisasa nao utawaka hivyo hivyo. Angalia kama unawaka mpaka ndani ya mikunjo ya mshono au juu juu tu.