Feni ya lori inagoma au haizimi: mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kufungua nyaya

Feni ya injini ya lori ikileta shida ya umeme watu wengi wanakimbilia kufungua, mara wamebadilisha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), mara wameagiza klachi mpya ya feni, hela imeenda na shida iko palepale, manake hakuna aliyejiuliza kwanza hii feni ni ya aina gani na ikikosa umeme inatakiwa ifanye nini. Ukilijua hilo umeshapunguza kazi kubwa sana.

Malori mengi feni haizungushwi na mota ya umeme kama kwenye gari ndogo. Inazungushwa na injini yenyewe, katikati kuna klachi, na kazi ya umeme ni kuiambia hiyo klachi ishike au iachie. Ziko klachi za upepo, hapo solenoidi valvu, yaani valvu inayoendeshwa kwa umeme, inafungua na kufunga upepo wa tanki, na ziko za mafuta mazito ya silikoni ambazo kontroboksi ya injini, yaani kompyuta yake, inazipelekea umeme kwa mapigo ya haraka haraka na zina sensa yake ya kuhesabu mizunguko. Sasa sikiliza hapa, klachi nyingi za malori zimeundwa hivi: zikikosa umeme, au zile za upepo zikikosa upepo, zinashika, feni inazunguka muda wote ili waya ukikatika injini isichemshe. Kwa hiyo feni inayovuma bila kupumzika inaweza kabisa kuwa ni waya umekatika, wala siyo umeme umezidi. Lakini siyo zote, ziko zinazoachia zikikosa umeme, ndo maana nasisitiza utafute kitabu na mchoro wa waya wa gari hilohilo, usitumie wa lori linalofanana nalo.

Halafu hakikisha ni ubovu kweli. Feni ya silikoni ikilala usiku kucha, asubuhi ukiwasha inavuma kwa muda mfupi kisha inatulia, hiyo ni kawaida, mafuta yalikuwa yamejikusanya ndani. Ukiwasha AC presha ya gesi ikapanda feni inaitwa, yaani inaamriwa ishike, ukitumia ritada (breki ya kusaidia kupunguza mwendo) mteremkoni feni inaitwa, na sensa ya joto la maji ikifa kontroboksi nyingi zinaamua kuwasha feni kwa tahadhari, kwa hiyo unaweza ukahangaika na feni siku nzima kumbe mgonjwa ni sensa.

Kaa na dereva umuulize vizuri. Ilianza lini, ikiwa baridi au ikiwa moto, kwenye rafu inazidi? Gari limeoshwa na mashine ya presha karibuni, kuna mtu amechomelea, rejeta au bampa vimetolewa? Binafsi naona majibu haya yanaokoa muda kuliko mashine yoyote, manake waya wa feni unapita sehemu mbaya sana, una joto, una mtikisiko, una maji, na mtu akirudisha rejeta bila kuufunga vizuri unaenda kuchubukia kwenye panga za feni au kwenye bracketi.

Kabla hujagusa betri soma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kontroboksi imezihifadhi, kwa mashine ya kupimia, ziandike au zipige picha, usizifute kwanza. Kwenye malori yanayotumia J1939, mfumo wa mawasiliano kati ya kontroboksi za gari, SPN ni namba ya sehemu yenye shida; ukikuta SPN 647 ujue ni upande wa umeme unaoendesha klachi ya feni, na SPN 1639 ni mizunguko ya feni. Namba ya FMI inayofuata, inayosema shida ni ya aina gani, ndo yenye habari: 3 ni volti ziko juu kuliko kawaida, 4 ziko chini, 5 mkondo ni mdogo na mara nyingi ni waya uliokatika au pini iliyolegea, 6 mkondo umezidi, hapo tafuta shoti. Kodi inakuonyesha mzunguko wa umeme wenye shida tu, haijasema klachi imekufa, na watu wananunua klachi kwa kusoma kodi peke yake, inauma sana.

Usalama jamani tusifanye mchezo. Feni ya lori inaweza kushika ghafla injini ikiwa inaunguruma, na panga zake hazina huruma. Zima, toa ufunguo ukae nao wewe mfukoni, weka vizuizi kwenye matairi, kebini ukiinua hakikisha imejifunga. Nguo isiyo na kamba wala mikono inayoning'inia, pete na cheni vua. Kizibo cha maji usifungue injini ikiwa moto. Na kama gari linatumia AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi wa ekzosi) usikimbilie kuzima meni swichi, baada ya kuzima injini pampu inahitaji dakika kadhaa kujisafisha, isubiri imalize.

Vifaa: mita ya dijitali, mchoro wa waya, tochi, na pini nyembamba za kuingilia nyuma ya soketi. Usitoboe waya kwa sindano, utapima leo na baada ya muda maji yataingia pale shaba iote kutu ya kijani na umetengeneza tatizo jipya. Taa ya kupimia pia usiiweke kwenye waya zinazotoka kwenye kontroboksi, inaweza kuvuta mkondo mkubwa ikaiunguza, na kontroboksi siyo kitu cha kuchezea.

Anza na betri, kwenye mfumo wa volti 24 injini ikiwaka unategemea karibu volti 28, kama chaji ni mbovu tengeneza hiyo kwanza maana vipimo vingine vyote vitakudanganya. Omu, yaani ukinzani wa waya, pima umeme ukiwa umezimwa na soketi imechomolewa, na usiziamini sana, waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utaonyesha omu nzuri kabisa lakini ukiupa mzigo unashindwa. Ndo maana ethi (waya wa hasi unaorudi kwenye betri) nzuri inapimwa ikiwa kazini: mita upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye pini ya ethi, na tofauti ikizidi sana volti 0.2 kuna kutu au boliti imelegea mahali. Na kwenye waya wa mapigo mita inakupa wastani tu, ukiona volti 10 usiseme umeme ni mdogo.

Kwa aliye njiani, jua mapema kama klachi yako ina namna ya kuifunga kwa mkono, nyingi za upepo zina boliti za kuifunga ishike moja kwa moja, injini ikiwa imezimwa na kupoa, na kitabu kinasema mwendo gani usizidi ukiwa umeifunga hivyo. Hiyo ni ya kukufikisha gereji tu. Kama haina, na geji inapanda, zima AC, punguza gia na mwendo, ukiona haishuki paki pembeni upoze, usilazimishe, silinda hedi ikipinda hiyo waya ya feni utaiona ilikuwa kazi ndogo sana.