SOMO: Kufunga chaja ya gari la umeme kwenye jengo la wapangaji wengi, Dodoma

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara sita, mara moja nikiwa juu ya ngazi. Naliandika hapa lote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Angalia tundu la kuchajia la gari, maana maumbo yako tofauti. Ya Uchina mengi ni GB/T, Nissan Leaf kutoka Japani ni Taipu 1, ya Ulaya ni Taipu 2. Kwa jengo chukua chaja yenye soketi ya Taipu 2, kila mpangaji aje na kebo inayoendana na gari lake.

2. Soma gari linapokea kilowati ngapi. Gari ndilo linaloamua, siyo chaja.

3. Mzigo wa jengo. Someni hapa taratibu, kwa sababu mimi niliharibu. Jengo la apatimenti nane kule Ilazo, umeme wa njia tatu (fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto), meni swichi ya ampea 63. Nikazidisha 63 kwa 230 kwa 3, nikapata kilowati 43 na ushee. Chaja mbili za 7.4 hazifiki hata 15, nikaona nafasi ipo tele. Kumbe chaja ya 7.4 ni ya njia moja: inavuta ampea 32 zote kwenye waya mmoja. Na zote mbili nilikuwa nimezifunga kwenye waya mwekundu, eti ndio ulikuwa karibu na maegesho. Hapo ni ampea 64 kabla mtu hajawasha pasi. Siku wapangaji wawili walipochomeka pamoja, saa moja na nusu usiku, watu wanapika na maji ya kuoga yanachemka, jengo lilikaa kama nusu saa ndipo likazima lote. Nilipofungua boksi, ganda la ule waya lilikuwa limelainika. Ukilibonyeza, kidole kinaacha alama. Breka haikati papo hapo mzigo ukizidi kiasi. Waya unaendelea kupata moto huku taa zinawaka.

Kwa hiyo:
- Piga hesabu ya kila njia peke yake, usijumlishe.
- Pima kila njia kwa klampu mita (kipimo cha ampea kinachobana waya kwa nje) kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, siku kadhaa. Kipimo cha mchana kitakudanganya.
- Chaja zikizidi moja, nunua zinazogawana mzigo: kihisi kinakaa kwenye meni swichi, jengo likielemewa chaja zinashuka hadi ampea 6 zenyewe.
- Nafasi ikiwa haipo, nenda TANESCO kwanza, chaja baadaye.

4. Kebo: milimita 6 za mraba kwa ampea 32 ikiwa karibu, 10 ikiwa mbali.

5. Kila chaja na RCD yake (swichi inayokata umeme ukivuja), yenye kugundua pia uvujaji wa DC, umeme wa aina ya betri.

6. Kila chaja na mita yake ndogo, la sivyo mtagombania yuniti za LUKU.

MASWALI

Swali: Mkuu, nataka ya kilowati 22 ijaze haraka. Bei gani?
Jibu: Hatua ya 2. Gari lako linapokea ngapi?

Swali: Sijui, ni Leaf.
Jibu: Leaf nyingi za Japani hupokea 3 au 6. Hiyo 22 ni hela ya bure.

Swali: Mimi naishi juu, si nishushe ekstensheni dirishani tu?
Jibu: Hapana. Plagi ya ampea 13 haikuundwa kubeba mzigo mzito saa kumi mfululizo, na ekstensheni iliyoviringishwa inaungua.

Swali: Shikamoo fundi. Niko Iyumbu, udongo wetu kiangazi unapasuka. Ethi, ile fimbo ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, itashika kweli?
Jibu: Marahaba, umeuliza la maana sana. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Ethi iliyopimwa Machi ikaonekana safi, ipime tena Oktoba, kabla ya mvua. Ikishindwa, zamisha fimbo ndefu zaidi, au ongeza ya pili ukiiachanisha na ya kwanza angalau kwa urefu wa fimbo moja, kisha ziunganishe. Usichimbie pale ambapo bibi anamwagia maji ya vyombo ukidhani patabaki na unyevu. Siku akihama, ethi imekwisha. Ukipima, niletee namba hapa tuziangalie pamoja.

Swali: Na vumbi?
Jibu: Chaja ya IP54 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji) kwenda juu, soketi iwe na kifuniko, na iangalie upande usiopigwa jua la mchana.

Mchango: Kwetu Kisasa mlinzi ana daftari. Wote tunachomeka baada ya saa nne usiku, kwa zamu.
Jibu: Asante sana kaka, naiongeza kwenye hatua ya 3.