SOMO: Kuanza na jaribio kabla ya msimbo, kwa mfano wa faini ya mkopo wa SACCOS

Somo hili ni la wale ambao tayari wanaandika programu, wamesikia habari za kuandika jaribio (msimbo mfupi unaokagua kama programu inatoa jibu sahihi) kwanza, wakajaribu siku chache na kuacha. Wengi hawakuacha kwa uvivu. Walianzia penye ugumu kuliko pote: fanksheni moja inayosoma hifadhidata, inaangalia saa, inapiga hesabu na kutuma SMS. Msimbo wa namna hiyo haujaribiki, na ukilazimisha, jaribio linakuwa refu kuliko kazi yenyewe. Dawa ni kutenganisha hesabu na vitu vya nje. Hatua zote hapa chini zinaelekea huko.

Natumia Python na pytest (zana ya kuendesha majaribio). Wa PHP, Java au JavaScript watafuata bila shida.

Kazi yenyewe. Mwanachama akichelewesha rejesho, siku 3 za kwanza hatozwi kitu. Kuanzia siku ya 4 anatozwa asilimia 0.5 ya rejesho kwa kila siku. Faini haivuki asilimia 20 ya rejesho.

Hatua ya 1: Pata mifano kwa mhasibu kabla ya kugusa kompyuta.
Kaa naye, mwambie akupigie hesabu kwa mkono. Rejesho la 150,000 lililochelewa siku 10: siku zinazotozwa ni 7, kila siku 750, jumla 5,250. Kikomo ni 30,000, na kinafikiwa siku ya 43. Andika majibu yake kama alivyoyatoa. Ukichukua majibu kutoka kwenye programu yako mwenyewe, jaribio litathibitisha makosa yako.

Hatua ya 2: Andika jaribio moja tu, ulione likifeli.

```
# test_faini.py
from datetime import date
from decimal import Decimal
from faini import hesabu_faini

def test_siku_kumi_za_kuchelewa():
    jibu = hesabu_faini(Decimal("150000"),
                        date(2025, 3, 1), date(2025, 3, 11))
    assert jibu == Decimal("5250")
```

Kuliona likifeli si mbwembwe. Faili likiitwa `faini_majaribio.py`, pytest haitaliokota lenyewe, kwa sababu inatafuta majina yanayoanza na `test_` au kuishia na `_test.py`. Fanksheni nayo lazima ianze na `test`. Usipoona jaribio likifeli kwanza, unaweza kushangilia jaribio ambalo halijawahi kuendeshwa.

Angalia pia kwamba tarehe ya leo imepitishwa kama kigezo. Fanksheni haiendi kuitafuta yenyewe. Uamuzi huo mdogo ndio unaobeba somo zima.

Hatua ya 3: Andika msimbo wa kutosha kulipitisha jaribio.

```
# faini.py
from decimal import Decimal, ROUND_HALF_UP

def hesabu_faini(rejesho, tarehe_ya_mwisho, leo):
    siku = (leo - tarehe_ya_mwisho).days - 3
    if siku <= 0:
        return Decimal("0")
    faini = rejesho * Decimal("0.005") * siku
    faini = min(faini, rejesho * Decimal("0.20"))
    return faini.quantize(Decimal("1"), rounding=ROUND_HALF_UP)
```

Hapa nimeweka umbo la mwisho ili nisirefushe. Kwenye kazi halisi, mstari wa `min` unaingia baada ya jaribio la kikomo kufeli, na `quantize` baada ya jaribio la senti kufeli.

Hatua ya 4: Majaribio ya mipakani. Siku ya 3 (sifuri), siku ya 4 (750), siku ya 43 (30,000), siku ya 44 (bado 30,000), na aliyelipa kabla ya tarehe (sifuri, isitoke namba hasi). Makosa mengi ya hesabu za siku yanajificha hapa, si katikati.

Hatua ya 5: Senti. Hapa pana mitego miwili, na yote inagusa fedha za watu.

Wa kwanza: `round(416.5)` katika Python inatoa 416, kwa sababu nusu inapelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Rejesho la 83,300 kwa siku moja ya faini linatoa 416.5 kamili, na mhasibu wako anategemea 417. Ndiyo maana nimetumia `Decimal` na `ROUND_HALF_UP`.

Wa pili: unaondoa senti lini? Chukua rejesho la 83,333. Kwa siku moja faini ni 416.665. Ukiondoa senti kila siku, siku 7 zinatoa 417 × 7 = 2,919. Ukiondoa mwishoni, 2,916.655 inakuwa 2,917. Shilingi 2 kwa mtu mmoja si kitu, lakini vitabu havitakubaliana, na mhasibu atakesha akizitafuta. Programu haiwezi kuamua ipi ni sahihi. Rudi kwa mhasibu, pata jibu, liandikie jaribio.

Hatua ya 6: Vitu vya nje viwekwe kwenye ganda jembamba. Fanksheni nyingine inasoma mikopo kwenye hifadhidata, inachukua tarehe ya leo, inaita `hesabu_faini`, inahifadhi jibu na kutuma SMS. Isiwe na masharti mengi ndani yake. Majaribio mawili au matatu yanaitosha.

Tarehe ya leo ichukuliwe hivi: `datetime.now(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")).date()`. Seva nyingi zinaenda kwa UTC (saa ya kimataifa), nyuma yetu kwa saa 3. Kazi ya usiku ikiendeshwa saa saba usiku kwetu, `date.today()` kwenye seva hiyo bado inasema jana, na kila mwenye deni anapungukiwa siku moja ya faini. Mchana hutaona kosa lolote, ndiyo sababu linadumu. Wa Windows wasakinishe kifurushi cha `tzdata`, la sivyo `ZoneInfo` inaweza kukosa orodha ya maeneo.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Mkuu, ahsante kwa somo. Mfumo niliorithi una fanksheni moja ya mistari zaidi ya 600, kila kitu kimo humo. Naanzia wapi?

Jibu: Usianze kuirekebisha, ndugu. Kwanza ifunge jinsi ilivyo leo. Chukua mikopo kama 30 ya aina tofauti, ficha majina na namba za simu, iendeshe fanksheni kwenye nakala ya hifadhidata, hifadhi majibu yake kwenye faili. Jaribio lako la kwanza linalinganisha majibu mapya na faili hilo. Kisha toa kipande kimoja cha hesabu, kiweke kwenye fanksheni yake, endesha tena. Ukikuta kosa njiani, liandike pembeni uliache kwanza. Ukihamisha msimbo na kurekebisha kosa kwa wakati mmoja, majibu yakibadilika hutajua ni lipi limeyabadilisha.

Swali: Nimeweka moki (fanksheni bandia ya majaribio) ya kutuma SMS lakini SMS za kweli zinaenda kwa wateja! Kwenye `kazi.py` nina `from ujumbe import tuma_sms`, na kwenye jaribio nina `patch("ujumbe.tuma_sms")`.

Jibu: Kwanza ondoa ufunguo wa kweli wa SMS kwenye mazingira ya majaribio, leo hii. Kosa lenyewe: `from ... import` imeshaweka jina `tuma_sms` ndani ya `kazi`. Wewe unabadilisha la kule `ujumbe`, huku `kazi` ikiendelea kutumia lake. Andika `patch("kazi.tuma_sms", autospec=True)`. Hiyo `autospec` inafanya moki ikatae idadi ya vigezo isiyolingana na fanksheni halisi. Bila hiyo moki inakubali chochote utakachoipa. Angalia na mabano: `moki.assert_called_once` bila `()` haikagui kitu, na jaribio linapita daima.

Swali: Habari mwalimu. Kwangu majaribio yote yanapita, kwenye seva mawili yanafeli, na si kila siku.

Jibu: Anza na saa. Kwenye Linux endesha `TZ=UTC pytest`, kisha `TZ=Africa/Nairobi pytest`. Majibu yakitofautiana, kuna mahali msimbo unajisomea saa wenyewe. Yasipotofautiana, shuku mpangilio: jaribio moja linaacha data ambayo jingine linaitegemea. Sakinisha `pytest-randomly`, inachanganya mpangilio na kukuonyesha namba ya mbegu ili uurudie ule ule uliofeli. Kwa hifadhidata, kila jaribio lifungue muamala wake (kundi la mabadiliko yanayoweza kutenguliwa) na kuutengua mwishoni. Kuliendesha tena jaribio hadi lipite hakujatibu chochote.

Swali: Naweza kutumia hifadhidata ya SQLite kwenye majaribio na ya PostgreSQL kwenye kazi? SQLite ni nyepesi.

Jibu: Kwa ganda la hatua ya 6, hapana. SQLite haisimamii funguo za kigeni mpaka uwashe `PRAGMA foreign_keys = ON`, haijali urefu wa `VARCHAR(10)`, na haina aina halisi ya desimali, kwa hiyo fedha zako zinaweza kugeuka `float` (namba ya desimali isiyo kamili) kimyakimya. Makosa ambayo PostgreSQL ingeyakataa, SQLite inayapokea. Washa PostgreSQL kwenye Docker (zana ya kuendesha programu ndani ya kasha lake). Na ukishatenganisha hesabu, majaribio mengi hayagusi hifadhidata kabisa, hivyo uzito unapungua. Yakiwa bado mazito, `pytest --durations=10` itakuonyesha kumi yanayochelewesha.

Swali: Bosi anataka asilimia 90 ya msimbo ipitiwe na majaribio, na wakati huohuo anasema majaribio yanachelewesha kazi. Nimwambieje?

Jibu: Mwambie ile asilimia inaonyesha mistari iliyoendeshwa, haionyeshi iliyokaguliwa. Futa kila `assert` (mstari unaokagua jibu) kwenye majaribio yako, asilimia itabaki ileile. Kipimo cha maana zaidi ni kuharibu msimbo kwa makusudi. Geuza ile 3 ya siku za msamaha iwe 4: jaribio la siku 10 litapata 4,500 na kufeli. Geuza `min` iwe `max`, lifeli tena. Ukigeuza `siku <= 0` iwe `siku < 0` hakuna litakalofeli, na hapo hakuna pengo: siku sifuri mara kiwango chochote ni sifuri, jibu ni lilelile.

Kuhusu kuchelewa, usiombe ruhusa ya kuandikia mfumo mzima majaribio, hutaipata. Omba mambo mawili: kila hitilafu inayoripotiwa ianze na jaribio linaloionyesha, na kila hesabu mpya ya fedha ianze na mifano ya mhasibu. Skrini na ripoti za kuchapisha ziache kwa sasa.