Sauti na picha zisipishane unapochoma filamu kwenye DVD

Kabla hujagusa chochote, fungua filamu kwenye VLC, programu ya kuchezea video, utazame midomo ya anayezungumza mwanzoni, kisha ruka hadi karibu na mwisho utazame tena. Pengo kati ya midomo na sauti likiwa lilelile, kazi ni nyepesi. Bonyeza J kuiwahisha sauti au K kuichelewesha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50. Midomo ikikubali, andika hesabu hiyo pembeni, maana VLC haibadilishi faili. Utaiingiza kwenye programu ya kutengenezea DVD.

Pengo likizidi kukua, kusogeza sauti hakusaidii kitu. Mshukiwa wangu wa kwanza huwa kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde. DVD ya PAL, mojawapo ya mifumo ya video ya televisheni, huenda fremu 25 kwa sekunde, ilhali filamu nyingi ni 23.976. Programu ikiharakisha picha na kuiacha sauti ilivyo, filamu ya dakika 100 itamaliza picha kama dakika 4 kabla ya sauti! Video za simu ndizo sumbufu hasa, kwa sababu kasi yake hupanda na kushuka. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, uchague kasi isiyobadilika. Sauti nayo igeuze iwe AC3, aina ya sauti inayotumika kwenye DVD, ya hezi 48,000, hasa kama ni MP3 ndani ya faili ya video ya AVI.

Wengi hulaumu kasi ya kuchoma. Mimi siilaumu: faili iliyopishana itapishana hata ukichoma kwa mwendo wa kobe. Anza na diski ya RW, ile inayofutika na kuchomwa tena, uijaribu kwenye deki utakayoitumia.