Somo: Jinsi ya kufuatilia ajali ya ndege ya Vita Kuu ya Pili pwani yetu

Swali la "wazee wanasema ndege ya vita ilianguka hapa kwetu, nitajuaje ilikuwa ipi?" limeulizwa mara nyingi mno, na majibu yake yametawanyika. Nayaweka yote hapa. Ukiwa na swali, taja umefika hatua ya ngapi na una nini mkononi.

Kwanza, nani alikuwa akiruka pwani hii. Wajapani walipoishambulia Ceylon, leo Sri Lanka, Aprili 1942, meli za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Manowari za kubeba ndege kama Illustrious, Indomitable na Formidable zilishusha ndege zao nchi kavu: Swordfish, Albacore, Fulmar, Martlet, Sea Hurricane. Uwanja wa Port Reitz, ambao leo ni Moi International, ulitumiwa na ndege hizo, na Tanga kulikuwa na kituo cha Navy, yaani jeshi la majini la Uingereza, kilichoitwa HMS Kilele. Jeshi lao la anga, RAF, lilikuwa na Catalina za kutua majini pale Kipevu, vikosi vya 209 na 259. Kikosi cha 259 kilihamia Dar es Salaam Septemba 1943, na mwaka huohuo Sunderland za kikosi cha 230 zilikuwa hapohapo Dar. Navy na RAF ni majeshi mawili yenye kumbukumbu mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 1. Pata tarehe kabla ya kushika chuma. Walioshuhudia kwa macho ni wachache sana sasa, kwa hiyo utazungumza na watoto wao. Usiulize mwaka. Uliza ilikuwa kaskazi au kusi, kabla ya masika au baada, nani alizaliwa karibu na siku hiyo, mtepe au jahazi la nani lilikuwa bandarini. Mwezi mmoja wa uhakika una faida kuliko mwaka wa kukisia.

Hatua ya 2. Amua ni Navy au RAF. Injini moja karibu na Port Reitz au Tanga, anza na Navy. Injini mbili au nne na ndege inayotua majini, anza na RAF.

Hatua ya 3. Tafuta waliokufa. Orodha ya CWGC, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iko mtandaoni bure. Tafuta kwa tarehe: siku yako, kisha siku tatu mbele na tatu nyuma. Makaburi ya kuanzia ni Mbaraki hapa Mombasa na Dar es Salaam War Cemetery. Usichuje kwa nchi, maana ambaye mwili wake haukupatikana hayumo Kenya wala Tanzania. Wa RAF aliyepotea pwani hii ameandikwa kwenye mnara wa Alamein, Misri. Wa ndege za Navy yuko kwenye mnara wa Lee-on-Solent, Uingereza. Majina matatu au manane ya siku moja na kikosi kimoja karibu kila mara ni ndege moja.

Hatua ya 4. Fungua vitabu. Vitabu vya vikosi vya RAF viko hifadhi ya taifa ya Uingereza pale Kew, fungu la AIR 27. Vya vituo ni AIR 28. Kila mwezi una Fomu 540, ambayo ni muhtasari, na Fomu 541, ambayo ni safari moja moja. Soma zote mbili. Kadi za ajali, Fomu 1180, ziko Makumbusho ya RAF London, zimepangwa kwa aina ya ndege. Za Navy, ulizia fomu za A25 Makumbusho ya Fleet Air Arm, Yeovilton. Kwenye kadi, FA ni ajali ya kawaida ya urukaji, FB inahusu mapigano. Daraja E maana yake ndege haikufaa tena kutengenezwa. Ukikuta daraja A au B, acha kutafuta mabaki: ndege hiyo ilitengenezwa ikaruka tena.

Hatua ya 5. Saa na nyuzi. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika, kwa hiyo soma polepole.

Saa. Kitabu kikiandika 0415Z, hiyo ni saa ya Greenwich. Herufi C baada ya saa ni Greenwich jumlisha 3. Lakini saa ya kiraia ya Kenya kuanzia 1942 ilikuwa Greenwich jumlisha saa 2 na dakika 45, si 3 kama leo. Kwa hiyo 0415Z ni 7:00 kwa saa ya Mombasa ya wakati ule, yaani saa moja asubuhi, jua limeshatoka. Asiyegeuza huona 0415, akadhani ni saa kumi na robo alfajiri, akaandika kwamba rubani alipotea gizani. Ameshatunga chanzo cha ajali kisichokuwepo. Na mzee akisema "saa moja", anakubaliana na kitabu, usimsahihishe.

Nyuzi. 0430S 3945E ni nyuzi 4 na dakika 30 kusini, nyuzi 39 na dakika 45 mashariki. Dakika ni 60, si 100. Kwenye simu unaandika -4.50, 39.75, na unaangukia baharini, kama kilomita 30 mashariki ya Msambweni. Ukiandika -4.30, 39.45, simu inakupeleka nchi kavu upande wa vilima vya Shimba. Umekosea kilomita 22 kwenda kaskazini na 33 kwenda magharibi, na utawasumbua watu wa Kwale kuhusu ndege ambayo hawakuiona.

Mambo mengine matatu. Maili za Navy na RAF baharini ni za baharini, kilomita 1.852, si 1.609. Nyuzi za dira hupimwa kutoka kituo, kwa hiyo hakikisha ni kituo kipi. Kipevu na Port Reitz ni jirani lakini si kitu kimoja. Na ukisoma mahali kwenye ramani za zamani za 1:50,000 kisha ukaingiza nyuzi zake kwenye GPS bila kubadili mfumo wa vipimo wa ramani hiyo uwe wa GPS, unakosea takriban mita 300. Baharini mita 300 ni siku nzima ya kupiga mbizi bure.

Hatua ya 6. Shika nambari, si herufi ya kikosi. Herufi moja ubavuni, tuseme C, hupewa ndege nyingine ya kwanza ikipotea. Nambari ya usajili haihami. Catalina nyingi za RAF za kipindi hiki zilikuwa za kundi la FP likifuatwa na tarakimu tatu.

Hatua ya 7. Sasa chuma. Hesabu silinda. Tisa kwa safu moja, huenda ni Pegasus ya Swordfish au Sunderland. Kumi na nne kwa safu mbili zenye mirija ya kusukuma vali, ni Twin Wasp, ya Catalina au baadhi ya Martlet. Kumi na nne bila mirija hiyo, ni Taurus ya Albacore. Kumi na mbili zenye umbo la V ni Merlin ya Fulmar au Hurricane. Vipande vya Catalina mara nyingi vina namba inayoanza na 28.

Tahadhari. Catalina ilibeba mabomu ya kulipulia nyambizi, kila moja zaidi ya kilo mia. Pipa la chuma lenye kutu karibu na mabaki usiliguse, usilifunge kamba. Piga simu polisi. Nyuso na mishale ya saa za ndege zilipakwa rangi ya kung'aa yenye radiamu, ambayo ina mionzi hatari, usikwangue. Mabaki ya mtu yakionekana, simamisha kazi, toa taarifa.

---

Kijana wa Likoni: Mkuu, kuna ndege ilianguka Likoni zamani, ilikuwa aina gani?

Mwandishi: Tarehe? Hatua ya 1.

Kijana wa Likoni: Wakati wa vita.

Mwandishi: Vita vilikuwa miaka sita. Rudi kwa waliokusimulia, uliza kaskazi au kusi, halafu uje.

BintiPangani: Tuna silinda moja tu, imetoka nyavuni. Injini nzima hatuna. Inawezekana kujua?

Mwandishi: Inawezekana kabisa, na umeuliza vizuri. Pima kipenyo cha ndani kwa kalipa, sehemu isiyoliwa na chumvi. Milimita 146 ni injini ya kampuni ya Bristol ya Uingereza, Pegasus au Mercury. Karibu 156 ni Cyclone, na hiyo ilifungwa kwenye Martlet IV. Karibu 140 ni Twin Wasp. Kisha tazama kichwa: Bristol hizo zina vali nne kwa kila silinda, za Kimarekani zina mbili. Ukiwa na 146, swali ni Pegasus au Mercury. Kipenyo ni kilekile, lakini pistoni ya Pegasus husafiri milimita 190 na ya Mercury 165, kwa hiyo urefu wa silinda ndio utaamua. Kabla ya kuipima iloweke kwenye maji baridi na uyabadilishe kila siku, usiianike juani. Aluminiamu iliyotoka baharini hupasuka ikikauka haraka.

BintiPangani: Kipenyo 146, vali nne. Urefu nitapima kesho. Pangani iko kusini ya Tanga, je, yaweza kuwa ndege ya Tanga?

Mwandishi: Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, na kasi huongezeka wakati wa kusi. Vitu vinavyoelea, kama matairi na matangi, huokotwa kaskazini ya mahali pa ajali. Silinda haielei, haitembei mbali, ila nyavu za kukokota huihamisha. Waulize wavuvi walianzia wapi kukokota siku ile, si walipotoa wavu.

Fundi Chuma: Kilo ya aluminiamu ya ndege inauzwaje?

Mwandishi: Haiuzwi. Mabaki ya ndege ya jeshi la Uingereza bado ni mali ya serikali yao, na yakiwa kwenye maji yetu sheria za mambo ya kale zinaweza kuyahusu: Kenya ipo ya 2006, Tanzania ya 1964. Huenda pia ni kaburi.

Jumbe: Hiyo ya dakika 45 umekosea. Kenya ni +3.

Mwandishi: Leo ndiyo. Wakati wa vita sivyo. Chukua tukio lolote ambalo kitabu cha kikosi kimeliandika kwa Z na kituo kimeliandika kwa saa ya mahali, utoe moja kwa nyingine.

Mzamiaji wa Mafia: Kwa nini ajali nyingi za Port Reitz ni za kutua, wakati rubani alikuwa ameshafika nyumbani? Na je, somo hili linafaa kwa ndege za 1915 za hapa Mafia?

Mwandishi: Marubani wa manowari walifanya mazoezi ya kutua uwanjani kama vile ni sitaha ya meli: mwendo mdogo kabisa, kishindo kikubwa. Magurudumu huvunjika. Ongeza upepo wa kusi unaokuja kwa ubavu, na joto linalopunguza nguvu ya injini. Kwa Catalina adui ni maji yaliyotulia usiku: bila mawimbi rubani hawezi kukisia kimo, ndiyo maana taa ziliwekwa juu ya maji zimwongoze.

Mafia 1915 ni jambo jingine zuri sana. Uwanja ulisafishwa baada ya kisiwa kutekwa Januari, na ndege za Farman na Caudron zikaelekeza mizinga ya meli za Waingereza dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 6 na 11 Julai. Ile ya tarehe 11, ya Cull na Arnold, ilipigwa ikaanguka mtoni Rufiji karibu na meli ya Waingereza Mersey, wote wawili wakaokolewa. Hatua za 1, 5 na 6 zinafaa. Vitabu vyako ni AIR 1 na ADM 137, si AIR 27. Usitegemee mabaki, zilikuwa mbao na kitambaa. Tafuta injini na waya.

Mzamiaji wa Mafia: Tunapiga picha kibati, maandishi hayasomeki.

Mwandishi: Zima mweko wa kamera. Weka tochi pembeni kabisa, mwanga ulale juu ya bati, piga picha nne kutoka pande nne. Usisugue kwa brashi ya waya, utafuta herufi zilizobaki.

BintiPangani: Nimepima, ni ndefu, inalingana na 190. Mwezi ni wa kusi, 1943, bibi alisema kabla ya mavuno ya mtama.

Mwandishi: Basi ni Pegasus. Hapo kuna Swordfish na Sunderland. Fungua CWGC, Juni hadi Agosti 1943, usichuje nchi, uangalie Lee-on-Solent kwanza kisha Alamein. Ukikuta jina zaidi ya moja kwa siku moja, liweke hapa tulisome pamoja na kitabu cha kikosi.